Mitalawanda Iliyoupa Mto Kisogo

Ripoti ilikuwa imeshaandikwa kabla Inspekta Orita hajashuka kwenye riksho. Konstebo Wada alimkabidhi kwa mikono miwili, wino ukiwa bado mbichi: Kanroku, fundi viatu, umri miaka hamsini na moja, amejitosa mtoni kwa uchungu wa maisha.

"Nani kaandika huu uchungu wa maisha?"

"Mimi, Afande. Mkuu wa kituo ndiye aliyeniambia niandike."

"Mkuu kafika hapa?"

"Hapana, Afande. Kapiga simu."

Orita aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni bila kuisoma tena. Alishuka ngazi za mawe taratibu, mguu wa kushoto ukiburura. Miaka kumi nyuma, katika vita vya China, baridi ilikuwa imemla vidole vitatu vya mguu ule, na tangu hapo Januari ikiingia Hiroshima ilikuwa heri umkanyage simba mkia kuliko kumchokoza Orita.

Maji yalikuwa yamekupwa. Maiti ililazwa juu ya mkeka, nguo zimeganda kwa barafu. Juu darajani watu walikuwa wakifunga bendera na taa za karatasi, maana Port Arthur, ngome ya Warusi, ilikuwa imeanguka na mji ulikuwa haujachoka kushangilia. Mmoja alichungulia chini, akauliza kama aliyekufa ni Mrusi. Alipoambiwa siye, akarudi kwenye bendera zake.

Orita alikigeuza kichwa cha marehemu. Nyuma ya sikio palikuwa na uvimbe mkubwa kama yai, ngozi imechanika katikati.

"Jiwe la mtoni," alisema Wada haraka.

"Jiwe limemvizia kwa nyuma?"

Orita alikikandamiza kifua cha maiti kwa viganja viwili, akangoja. Hapakutoka maji wala povu, mdomoni wala puani.

"Na viatu vyake?"

"Vipo vile vile alivyoviacha, Afande. Hakuna aliyevigusa. Hata mimi sikutaka kuvigusa, si unajua tena, ni mtu wa ngozi, wale wanaohesabiwa najisi."

Ilikuwa mitalawanda mipya ya mbao, kamba zake za ngozi nyeusi zilizoshonwa kwa mkono wa fundi. Ilikaa kwenye ngazi ya tatu kutoka majini, imepangwa sambamba, mmoja haukumpita mwenzake hata kwa upana wa ukucha. Visigino vilielekea mtoni. Ncha zilielekea mjini.

Orita aliitazama kwa muda mrefu. "Wada, vua viatu."

"Hapa? Kwenye barafu, Afande?"

"Umechoka na maisha. Unataka kujitosa. Vua, kisha ujongee majini."

Wada alivua huku akitetemeka, akajongea hatua mbili kuelekea majini akiwa na soksi zake, akasimama. Orita akamwonyesha nyuma kwa kidole. Viatu vya Wada vilikuwa vimebaki pale alipovivulia, kimoja kimepinda, na ncha zote mbili zilitazama mto.

"Kila mtu hutoka kwenye viatu akifuata uso wake," alisema Orita. "Ili huyu avue namna ile, ilibidi aupe mto kisogo, ashuke kinyumenyume kwenye ngazi zenye utelezi, gizani."

"Labda aliigeuza mwenyewe baada ya kuvua. Kwa adabu."

"Adabu ya nani? Mgeni hugeuziwa viatu ili akitoka avikute vinamngoja. Huyu alikuwa anatoka kwenda wapi?"

Wada alijikuna shingo. Hakuwa mjinga, ila alikuwa amezoea kutoulizwa.

Juu ya ngazi zile palikuwa na nyumba ya wageni. Mwenyewe, Bi Shige, alikuwa mlangoni tangu alfajiri, mikono kiunoni, akiwaza wateja waliokimbia. Wada alinong'ona kwamba mwezi uliopita huyu mama alimwagia Kanroku ndoo ya maji machafu kwa kuwa alipumzika kizingitini pake. Basi Orita akamwendea.

"Mama, kazi ya kupanga viatu vya wageni hapa kwako ni ya nani?"

"Yangu mimi. Kwani?"

"Na ile mitalawanda kule chini umeipanga wewe?"

Bi Shige akacheka kwa puani. "Ya yule mchuna ngozi? Bwana Inspekta, mimi nisingeigusa hata kwa koleo. Ningeisukuma kwa ufagio, kisha ufagio nikauchoma."

"Unajivunia?"

"Nasema kweli. Umeniuliza, nimekujibu."

"Umenisaidia kuliko unavyojua," alisema Orita, na sauti yake ilikuwa baridi kuliko ule mto. Akamgeukia Wada. "Umesikia? Mji huu wote hakuna anayegusa kiatu cha mtu wa ngozi kwa kupenda. Aliyeipanga ile hakujua ni ya nani. Au mikono yake imeshika kazi hiyo miaka mingi hata haimwombi ruhusa tena."

Mtaa wa watu wa ngozi ulikuwa ng'ambo ya mto. Wada alifika mlangoni kwa marehemu akasimama kama punda aliyeona daraja bovu.

"Nitakungoja nje, Afande."

"Sheria ina miaka thelathini na nne sasa. Inasema hawa ni raia kama wewe."

"Sheria inasema, Afande. Mama yangu ndiye hajaisoma."

"Basi mbaki huko nje wewe na mama yako."

Mjane aliitwa Tome. Alikuwa amepiga magoti mbele ya madhabahu ndogo ya ukutani, tasbihi mkononi, midomo ikimtaja Buddha Amida bila kutoa sauti. Alimaliza alichokuwa akisoma, hakukatisha kwa ajili ya polisi, kisha akageuka na kuinamisha kichwa. Macho yake yalikuwa makavu. Yalimtazama Orita usoni, yakashuka mpaka kwenye ule mguu wa kushoto, yakarudi juu.

"Baridi?" aliuliza.

"Baridi. Pole sana, mama. Wanasema mumeo kajiua."

"Wanasema. Machozi nitayalia jioni, bwana. Sasa hivi meli ndiyo inayoninyima pumzi."

"Meli gani?"

"Inayong'oa nanga bandarini Ujina leo saa sita mchana. Ina mabuti jozi elfu nne ya kiwanda cha Kiwada. Yanakwenda Manchuria kwenye kikosi cha mwanangu Seikichi." Alipanga maneno moja moja. "Mume wangu alikuwa anashona sehemu ya juu. Soli zinatengenezwa chumba kingine, mlango umefungwa, fundi haruhusiwi kuingia. Akashuku. Juzi akaja na buti moja chini ya koti, akalichana kwa kisu hapo hapo ulipokaa."

"Akakuta nini?"

"Utando wa ngozi mwembamba kama ganda la kitunguu. Chini yake kadibodi, matabaka kwa matabaka, imepakwa lami. Ukitembea nalo mjini litakuvumilia. Kwenye theluji, alisema, siku tatu."

Kidole gumba cha Orita kilikuwa kinabonyeza soksi ya kushoto, pale ambapo vidole havikuwapo. Alipogundua akakunja ngumi.

"Alimwambia nani?"

"Msimamizi wa kiwanda, Gengo. Alimwambia usoni. Mume wangu alikuwa na maradhi hayo, bwana, ya kusema. Jana jioni akaja mjumbe: tajiri Kiwada anakuita Mikazuki. Nikamwambia, baba Seikichi, tangu lini tajiri akamwalika mtu wa ngozi nyumba ya karamu? Akanijibu, 'Labda ana mtoto vitani na yeye.' Akavaa mitalawanda ya sikukuu. Akalichukua lile buti akaenda nalo."

"Kwa hiyo buti halipo."

"Halipo. Ila wenzake elfu nne wapo gatini, mpaka saa sita."

Mikazuki ilikuwa imelala bado, kama nyumba zote za karamu zinavyolala asubuhi. Ndani ya kizingiti alikaa mzee mmoja kwenye kibao, mgongo umepinda kama mundu, na pembeni yake rafu za viatu zilizopangwa kwa namba. Jina lake Matsuzo. Orita alivua mabuti yake ya kipolisi akayaacha ovyo, moja huku moja kule, ncha zinatazama ndani. Akapanda ukumbini akaketi.

"Mzee, jana wageni walikuwa wangapi?"

"Wengi, bwana mkubwa. Siku hizi za ushindi, wengi sana."

"Tajiri Kiwada?"

"Jina silijui. Mimi najua miguu tu."

"Kazi hii umeanza lini?"

Hapo mzee alichangamka kidogo. Alipokuwa kijana, alisema, alikuwa mbeba ndara wa bwana mkubwa wa ngome, mwenye panga mbili. Mvua inanyesha, yeye anazipasha ndara moto kifuani. Kisha zama zikageuka, mabwana wakakatwa mikia ya nywele, alama ya ukubwa wao, ngome ikawa kambi. "Leo nabeba viatu vya mabwana wenye saa za dhahabu. Panga hawana. Ila wana mdomo mkali kuliko panga."

Alikuwa akisema hayo huku amekwisha kuinuka, ameinama, na mikono yake imeyachukua mabuti ya Orita, ikayafuta theluji, ikayaweka sambamba, ncha zikitazama mlangoni. Akarudi kukaa.

"Mzee," alisema Orita taratibu, "umeyageuza."

"Eh?"

"Mabuti yangu. Sijakuomba."

"Ndiyo kazi yangu, bwana. Mgeni akitoka ayakute yanamngoja."

"Na kule ngazini, mtoni? Mgeni yule ulitaka atoke aende wapi?"

Mzee Matsuzo aliitazama mikono yake kama aliyeiona imeingia kwenye mfuko wa mtu.

"Sikumuua mimi."

"Najua. Mikono yako haina nguvu hiyo. Sema."

Ikatoka vipande vipande. Chumba cha juu walikuwa watatu: Kiwada, msimamizi wake Gengo, na Kapteni Uzawa wa ofisi ya vifaa ya jeshi, anayeweka mhuri kwenye makasha. Mgeni wa nne akaja na furushi. Hawakumpa hata chai. Kukawa na sauti, kisha kishindo, kisha kimya. Gengo akashuka kwa ngazi ya jikoni amembeba mtu mgongoni kama mlevi, akamwambia Matsuzo achukue mitalawanda ya huyo mgeni amfuate.

"Akaniambia, 'Iweke hapo ngazini, watu wakiiona wataelewa.' Nikaiweka. Naapa sikuwaza kitu. Mikono iliiweka yenyewe."

"Ulijua alikuwa mtu wa ngozi?"

"Hapana." Mzee akafikiri. "Ngozi ya zile kamba ilikuwa nzuri sana. Nilidhani ni mtu mkubwa."

Orita alivaa mabuti yake. "Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Watanifukuza, bwana. Miaka thelathini nipo mlango huu."

"Mwenzako kapoteza zaidi ya mlango."

"Nitasema," alijibu Matsuzo, akainama mpaka paji likagusa kibao.

Nje, Wada alikuja mbio na karatasi mkononi. Mkuu wa kituo alikuwa anataka ripoti ile ile, iliyopigwa mhuri, mezani kwake saa sita. Aidha, asiguswe mtu yeyote wa kiwanda cha Kiwada, kwa kuwa nchi iko vitani.

"Nchi iko vitani," alisema Orita, akaipasua ile karatasi. "Na nchi inavaa nini miguuni? Saa ngapi sasa?"

"Tano imeshapita, Afande."

"Ita riksho mbili. Kama huji, nenda nyumbani kwa mama yako."

Wada alisimama kidogo, kisha akapiga mluzi wa riksho mbili, akapanda ya pili bila kuangalia upande wa Orita.

Gati la Ujina lilikuwa limejaa askari. Mia mbili hivi walikuwa wamechuchumaa kwa safu, mabegi mgongoni, wakingoja mashua za kuwapeleka kwenye meli iliyosimama mbali kidogo ikitoa moshi. Mbele yao makasha yalipangwa kama ukuta, kila moja na mhuri mwekundu. Gengo, mtu mwenye shingo nene na koti jipya la Kizungu, alikuwa akihesabu.

Orita hakumsalimu. Alimkamata mkono, akauzungusha nyuma, na kamba ya polisi ikawa imeshamzunguka mara mbili kabla hajamaliza kusema "Wewe nani?"

"Gengo, unakamatwa kwa kumuua fundi Kanroku."

"Yule mchuna ngozi?" Gengo akacheka, akamtafuta mtu kwa macho. "Kapteni! Njoo uone maajabu!"

Kapteni Uzawa alikuja bila haraka, glavu nyeupe, masharubu yamepakwa mafuta. "Mfungue huyo. Ni mtu wa jeshi kwa muda wa vita."

"Ni muuaji kwa muda wa jana."

"Inspekta, unajua adhabu ya kuzuia shehena ya jeshi?"

"Siizuii. Naomba kasha moja lifunguliwe. Sababu ya kifo imo mle."

"Polisi hafungui kasha la jeshi."

"Basi lifunguliwe na jeshi."

Kapteni aligeuka kwenda zake, na hapo akamkuta Bi Tome. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto, theluji imefika magotini. Hakumtazama kapteni. Alimwinamia sajini aliyekuwa mbele ya safu, mtu mzima, shavu moja limeungua kwa baruti.

"Sajini, nisamehe. Mwanangu yuko kikosi chenu. Anaitwa Seikichi."

"Seikichi fundi?" Sajini Domon alisimama. "Aliyenishonea mkanda wa bunduki? Mama, mimi natoka hospitali narudi kule kule. Alikuwa mzima nilipomwacha. Miguu amefunga magunia."

"Mabuti haya yanakwenda kwake. Baba yake aliuawa kwa kusema kuna nini ndani ya soli. Mimi siombi kitu kingine. Tazama tu."

"Sajini!" Kapteni alifoka. "Mfukuze huyo mwanamke. Huoni ni mchafu?"

Domon alimtazama kapteni, akazitazama zile glavu. Akachomoa singe yake, akaitia chini ya kifuniko cha kasha la karibu, akang'oa. Alichukua buti moja jeusi linalong'aa, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto waliyokuwa wakichemshia chai.

Safu zote zilinyanyua shingo. Gatini kilisikika tu kishindo cha maji chini ya mbao. Domon alingoja kama mpishi anavyongoja wali uive. Alipolitoa, soli ilikuwa imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Aliishika kwa vidole viwili akaivuta. Ikatoka yote, laini, ikining'iniza nyuzi za gundi, na matabaka ya kadibodi yakadondoka kwenye viatu vya kapteni.

"Pigeni picha," alisema askari mmoja nyuma. "Tuwapelekee Warusi wacheke kabla hawajatupiga."

Hakuna aliyecheka.

"Moja bovu katika elfu nne," alisema Uzawa. Masharubu yake hayakutikisika, ila shingo ilikuwa imeiva. "Pakieni. Maji yakipwa meli haiondoki mpaka kesho kutwa. Hiyo ni amri, Sajini."

Domon akapiga saluti, visigino vikalia. "Amri imepokewa, Kapteni! Ila askari wangu hawajala."

"Watakula melini!"

"Kanuni inasema askari ale kabla ya kupakia mzigo mzito. Ofisi yako ndiyo iliyotutumia hiyo kanuni." Akageukia safu. "Kaeni! Hayo makasha yanatosha kwa viti. Toeni chakula!"

Mia mbili waliinuka, wakaenda kuketi juu ya makasha, bega kwa bega, wakafungua vifurushi vya wali wa matonge. Wada, bila kuambiwa, akaketi kwenye kasha lililobaki bila mtu. Kisha akasogea, akampisha Bi Tome nafasi pembeni yake.

Kapteni alitoa daftari. "Jina lako, Inspekta. Kesho huna kazi."

"Orita. Andika vizuri, hakimu atataka kulisoma. Na lako ninalo."

Gengo alianza kujipindapinda kwenye kamba. "Kapteni, waambie! Waambie si mimi niliyesema auawe!"

Uzawa alifunga daftari akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea kwenye simu. Orita akaivuta kamba karibu.

"Najua si wewe uliyeamuru," alisema. "Ndiyo maana nimekufunga mikono, sikukufunga mdomo. Endelea."

Meli ilipiga honi. Mashua za kupakia zilianza kukwaruza mchanga, maji yakiwa yanakupwa. Honi ikapiga tena, ndefu, ya hasira, na Sajini Domon akachukua punje moja ya wali katikati ya vidole, akaikagua pande zote, akaiweka ulimini, akaanza kutafuna.